Maksai Wawili na Kompyuta ya Mtumba

Ile kompyuta ukiiwasha asubuhi, unaweza kwenda sokoni, ukabishana bei ya dagaa wa Lamadi, ukarudi, bado haijaamka. Sisemi uongo. Binti yangu alikuwa anakaa mbele yake kashika shavu, wateja wako mlangoni.

Biashara zilikuwa zimefunguliwa kwa watu binafsi. Pamba tuliyozoea kupeleka chama cha ushirika sasa ilikuwa na wanunuzi kila kona ya Bariadi, na kila mnunuzi alitaka karatasi zilizochapwa. Mimi niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nilichunga zaidi kuliko kusoma. Lakini niliona karatasi zina hela, nikafungua kibanda. Binti alikuwa amesomea uhazili Mwanza. Yeye anachapa, mimi napiga soga na wateja. Soga naziweza.

Kisha ng'ambo ya barabara kikafunguliwa kibanda kingine chenye mashine mpya, na wateja wakaanza kuvuka. Jioni moja binti akaniambia, "Baba, kuna ofisi Mwanza wananitaka. Mashine hii inanizeesha."

Kitenge cha kushonea nguo ya huko alikuwa ameshanunua. Nilikiona kimekunjwa juu ya rafu. Tangu siku hiyo sikukaa kitako. Nikikaa kibandani natoka barabarani, nikifika barabarani narudi.

Nikamwendea fundi, kijana mwenye duka la redio karibu na msikiti.

"Njia ni mbili, mzee," akasema. "Nikuongezee memori na diski kwenye hiyo hiyo, au nikuletee nyingine ya mtumba kutoka Dar."

"Ukiongeza itakimbia?"

"Itatembea. Ubao wake wa ndani umechoka."

Mali yangu ilikuwa maksai wawili wa kulimia. Mmoja angetosha kuongeza vifaa. Mtumba ulitaka wote wawili. Nikamuuliza kinyozi, nikamuuliza muuza chai, nikamuuliza hata mgeni aliyekuwa akisubiri gari la Malampaka. Mwisho nikamuuliza binti mwenyewe. "Nikinunua nyingine, mayu, mama yangu, utabaki?"

"Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya, Baba."

Mama yake akasema, "Uza mmoja yaishe. Unatuchosha na huko kuzunguka kwako."

Siku ya mnada nikamfungua mmoja, yule wa kulia. Hawa niliwafundisha pamoja, nira moja tangu wangali wadogo, na shamba letu la Shishiyu lilikuwa na mawe kama meno, basi walijuana hatua. Sijafika mbali nikasikia kitu kinaburuzwa nyuma. Yule wa kushoto alikuwa ameng'oa kigingi na anatufuata na kamba yake. Nikamrudisha, akaja tena. Nikamwacha.

Mnadani akaenda kusimama kushoto kwa mwenzake, kama vile nira ipo shingoni. Watu wakacheka.

"Mzee," dalali akaniuliza, "unauza ng'ombe au unavunja ndoa?"

Sikucheka. Nilikuwa naona nitakavyorudi na huyu mmoja, asiyelima peke yake, nimfunge nira na maksai mchanga asiyejua kitu, huyu avute na yule asukwesukwe. Na kibandani ubao uliochoka umefungiwa memori mpya. Ningeuza ng'ombe na bado wateja wangevuka barabara.

"Wote," nikasema.

Nilirudi na kamba mbili mkononi. Njia nzima nilitamani kurudi mnadani. Mke wangu aliziona zile kamba, akaniambia, "Haya, plau utavuta wewe." Na kweli msimu ule tulilima kwa jembe la mkono, mgongo wangu unaujua.

Kompyuta ya Dar ilipofika, ikawaka kabla sijamaliza salamu. Binti akachapa siku nzima bila kusema atabaki wala ataondoka. Mimi sikuuliza. Nilizunguka kibanda nje, nikichungulia dirishani kama mwizi.

Asubuhi ya pili nikakuta kompyuta imevaa. Unajua Bariadi msimu wa pamba, nyuzi zinaruka mpaka kwenye chai. Alikuwa amekata kile kitenge chake, ameshona mfuniko wa kioo na mwingine wa boksi, na pindo juu.

"Mwangaluka, Baba," akanisalimu, anaifunua taratibu.

Nikamwuliza, "Na Mwanza utavaa nini?"

"Kwani Mwanza hakuna vitenge?" akasema, akaiwasha.

Nikatoka kwenda barabarani. Nikarudi. Alikuwa bado yupo, anachapa.