Mkate Uliompita Mama

Mama yangu ni mke wa pili. Kwetu Myanga hilo halikumzuia kuimba kwaya, kuwapikia wageni wa mchungaji, hata kuosha vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kunywea ndiko kulikokatazwa. Baba alimleta nyumbani akiwa na mke wa ndoa ya kanisani, na kanisa letu halina mchezo: mke wa pili hukaa benchi la nyuma, na mkate hauvuki kufika huko.

Nikaenda chuo kikuu Kitale kusomea theolojia, na mdomo wangu nikaenda nao. Mwaka wa tatu, katika somo la maadili, niliandika kurasa kumi na mbili kwamba kumnyima Meza mwanamke wa namna hiyo ni dhambi ya kanisa, si yake. Niliweka Kigiriki hata mahali Kiswahili kingetosha. Mhadhiri alinipa alama nzuri, kisha akaniuliza mbele ya darasa, "Wewe ungempa?" Nikajibu ningempa bila kupepesa macho. Wenzangu walipiga makofi. Nilirudi hosteli katika ile baridi ya Kitale nikijiona nabii. Kweli, debe tupu haliachi kuvuma.

Likizo ilipofika tukatumwa mazoezi ya uchungaji, nami nikapangiwa kanisa la nyumbani. Mchungaji ndiye angeandika ripoti yangu, na bila ripoti hiyo hakuna kuhitimu wala kupewa kanisa. Jumapili ya kwanza akaniita kando kabla ya ibada.

"Leo utabeba trei ya mkate upande wa akina mama," akasema. "Na si unajua wale hatupatiangi? Wazee watakuwa wanaangalia vile unafanya."

"Najua, mchungaji."

Hakumtaja mama. Hakuwa na haja.

Nilianza mbele, benchi kwa benchi. Akina mama walionibeba mgongoni nikiwa mdogo walichukua vipande vyao na kuinamisha vichwa. Hatimaye likabaki benchi la nyuma. Walikuwa wanne, mama akiwa mwishoni, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Kando ya mlango mzee wa kanisa alikuwa amekunja mikono. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili tu. Nilifikiria ile ripoti. Zile kurasa kumi na mbili hazikunijia hata kidogo. Nikageuka na trei yangu nikarudi mbele. Vipande vilikuwa vimebaki vingi.

Nilikuwa na hasira, na aibu yangu kubwa ni kwamba hasira hiyo ilimwelekea mama. Kwa nini alikuja leo? Si angesingizia homa abaki nyumbani? Baada ya ibada mchungaji alinishika bega akasema nimefanya kazi safi, nami nikamshukuru.

Mchana mama alichinja kuku. Baba alikuwa kwa mke mkubwa siku hiyo, kwa hiyo tulikuwa wawili tu mezani. Akaniwekea firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma, eti kwa sababu nimehudumu mara ya kwanza. Niliiangalia ile firigisi.

"Mama, unisamehe," nikasema. "Ni ile ripoti. Mchungaji angeniharibia."

"Wacha mambo ya ripoti, baba. Mimi hata sikutarajia unipatie. Hiyo miaka yote si nimezoea?" Akanawa mikono polepole, akaikausha kwa leso. "Lakini hao wazee, wakifika kwa benchi yetu, wananiangalianga kwanza. Wananisalimia na kichwa, ndio wanarudi. Ni wewe tu hukuniangalia."

Nikainamia sahani yangu.

"Kula," akasema. "Itapoa."

Nikala, kwa sababu alikuwa amekaa akinitazama.