Siku Tuliyoshangilia Presha Kushuka

Kaka yangu alipasuliwa India, mimi nikafungwa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwenye mkeka wa mama, katikati ya wanawake. Nasema nikafungwa kwa sababu sikuweza kutoka. Kwetu mtu akiwa hatarini jamaa hukaa pamoja, na anayetoka nje hutazamwa usoni anaporudi. Uso wangu haujui kuficha kitu. Tena wote waliijua kazi yangu: mimi huwalaza wagonjwa usingizi katika chumba cha upasuaji na kuilinda presha yao mpaka washonwe.

Kaka alikuwa dereva wa lori la chumvi, kutoka Kabatoro hadi mpakani. Ini lake lilikuwa limekwisha, na mdogo wetu wa mwisho alikubali kukatwa kipande cha lake. Wifi yangu, mke wa kaka, alikaa kule nje ya mlango wa upasuaji, akitutumia ujumbe wa sauti kila alipoambiwa neno. Simu waliiweka katikati ya mkeka, sauti juu kabisa, kama redio siku ya mpira. Nilitamani kuikalia.

Asubuhi habari zilikuwa nzuri. Ini la zamani limetoka, jipya linashonwa. Wenzangu wakashusha pumzi. Mimi ndiyo kwanza nikaanza kuogopa, maana wakishamaliza kushona hufungua mishipa, na damu inayopita kwenye ini lililowekwa kwenye baridi hukimbilia moyoni. Hapo presha inaweza kuporomoka na moyo ukasimama. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Simu ikalia. Sauti ya wifi ilikuwa ya haraka: "Wanasema presha imeshuka sana. Wanahangaika nayo."

Mama akainua mikono. "Alhamdulillahi! Imeshuka!"

Vigelegele vikajaa chumbani. Mama ana presha, shangazi anayo, nusu ya mtaa wanameza vidonge ili ishuke. Nyumbani kwetu presha haijawahi kuwa na kosa lingine ila kupanda. Hata mimi nikimpima mama humwambia, imeshuka, hongera.

"Mungu iko muzuri!" alisema jirani yetu, mfanyabiashara Mkongomani aliyehamia kutoka Beni, rozari mkononi. "Ya kwangu inakatala kushuka, ya mutoto inashuka mara moja! Bale banganga ba India banajua kazi."

Chakula kikaletwa, bundu, yaani ugali wa muhogo, na samaki. Mama, ambaye tangu jana yake alikuwa hajatia kitu mdomoni, alikula kwa raha, akanimegea tonge. Nikalimeza. Mikono yangu ilikuwa inatafuta dripu na sindano ya adrenalini, na kilichokuwepo ni samaki. Niliwachukia wote kwa dakika hizo, Mungu anisamehe. Nilimchukia na wifi kwa kutupa neno moja na kunyamaza.

"Wewe daktari wangu," mama akasema. Huniita hivyo akifurahi. "Andika kwa wifi yako. Sema hiyo presha, wasiache ipande tena."

Macho yote yakanigeukia. Nikachukua simu, nikaandika: Imepanda? Nikatuma.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

Wifi hakujibu. Mama aliomba kipande kingine cha samaki, akaanza kupanga nani ataenda kumpokea kaka uwanja wa ndege. Nilijibu ndiyo kwa kila jina.

Kisha simu ikalia. "Imepanda! Wameweza kuipandisha. Moyo unapiga vizuri."

 Jirani akafanya ishara ya msalaba, shangazi akaanza kulia, "Imepanda tena!" Mimi nikacheka. Nilicheka huku machozi yakinitoka, nikasema Alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu.

Mama alinitazama, halafu akaitazama sahani yake.

"Kumbe kushuka ndiyo ilikuwa mbaya?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa nakula."

"Ndiyo."

Nilingoja matusi. Akanawa mikono, akanivuta karibu na kuninong'oneza, "Ikishuka tena, usiongee. Nifinye, mimi tu. Hawa wacha wafurahi."

Akanipa mkono. Simu ilipolia tena, vidole vyake vilinibana kabla wifi hajasema neno.