Bi Sihaba alivyochoma daftari la nywila za watu

Saa mbili kasorobo asubuhi. Bi Sihaba Kombo amempa mgongo mteja wake, macho kwenye kalenda ya ukutani. Nyuma yake, mbele ya kompyuta, Mzee Ibrahimu, mkulima wa ufuta aliyetoka Miono kwa gari la kwanza, anabonyeza vitufe kwa kidole kimoja.

"Ng'o… mbe… wa… ngu…" mzee anasoma kwa sauti kila anachokiandika.

"Usisome, baba! Andika kimya kimya!" Bi Sihaba anapaza sauti bila kugeuka.

"Mwe… kun… du."

Foleni ya wanaosubiri fotokopi inaangua kicheko. "Mwekundu, mzee? Yule si mweusi?" jirani yake wa Miono anamchokoza. Bi Sihaba anageuka, anafuta kila kitu, na kumwomba mzee atafute siri nyingine. Ng'ombe yule sasa anajulikana na mji mzima.

Hivi ndivyo zinavyoanza siku nyingi katika steshenari hii ndogo iliyo jirani na stendi ya Bagamoyo. Bi Sihaba, mwenye umri wa miaka 52 na mama wa watoto watatu, amefanya kazi hapa kwa miaka kumi na mmoja. Anachapa barua, anatoa fotokopi, anajaza fomu za vyuo na kufungua barua pepe kwa watu ambao hawajawahi kuwa nayo. Kufungua moja ni shilingi 2,000.

Lakini kumpa mteja mgongo ni jambo geni kwake. Mpaka mwaka jana, nywila zote alikuwa akizitunga yeye.

"Mteja akija nilikuwa namwambia, kaa hapo, mimi nitakufanyia," anasema. "Naandika jina lake na mwaka aliozaliwa, basi, hiyo ndiyo pasiwedi. Kisha naiandika kwenye daftari langu, maana najua kesho atakuja kuniuliza."

Daftari lenyewe lilikuwa kubwa, la jalada gumu, lililofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Lilikuwa na majina 1,312. Walimu walikuwemo, wauza samaki, wanafunzi, hata imamu wa msikiti mmoja wa mjini. Aliyesahau nywila alilipa shilingi 1,000, Bi Sihaba akafungua daftari na kumsomea. Kwa siku nzuri, kazi hiyo peke yake ilimpa shilingi 6,000.

"Nilijiona natunza amana," anasema. "Kumbe nilikuwa nimejenga nyumba elfu moja na mia tatu kwa ufunguo mmoja."

Alilijua hilo Jumatano moja ya msimu wa kuthibitisha nafasi za vyuo.

Asubuhi hiyo aliingia dukani Saida Yusuf, mkulima wa mwani kutoka Mlingotini, mwenye umri wa miaka 38. Alikuwa na kaka zake wawili. Hakusalimia. Aliiweka simu juu ya meza, akaongeza sauti, akabonyeza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Bi Sihaba. "Shikamoo dada Saida. Ni mimi Sihaba wa steshenari. Simu yangu imeharibika, natumia namba hii. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee haraka nimalize fomu ya Hamidu."

Hamidu ni mtoto wa kwanza wa Saida. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na namba ya kuthibitisha nafasi hiyo ingetumwa na chuo kwenye barua pepe aliyofunguliwa na Bi Sihaba kwa namba ya simu ya mama yake. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Saida alizisoma zile namba sita. Nusu saa baadaye barua pepe ya Hamidu haikufunguka tena, na ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama: tuma shilingi 150,000 ukitaka kurudishiwa.

"Nililia njia nzima," Saida anakumbuka. "Si kwa sababu ya pesa. Mwanangu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuitwa chuo. Halafu aliyeniuza ni mtu ninayemwamini. Sauti yake naijua, jamani!"

"Hata mimi nilijisikia ni mimi," anasema Bi Sihaba, na sasa anaweza kulicheka. "Nilijiuliza, au nimelisema hili nikasahau? Watu dukani wananitazama. Nikakaa chini sakafuni."

Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na cheti cha kuzaliwa mkononi. Aliomba sauti irudiwe, akasikiliza, kisha akauliza kwa mshangao: "Bi Sihaba, tangu lini wewe ukamwamkia Saida?"

Saida ni mdogo kwa Bi Sihaba kwa miaka kumi na minne. Tangu wafahamiane, Saida ndiye anayetoa shikamoo na Bi Sihaba ndiye anayeitikia marahaba. Huyo wa kwenye simu alikuwa na sauti ya Bi Sihaba, lakini hakuwa na adabu za Bagamoyo.

"Nilipoisikia ile shikamoo mara ya kwanza nilicheka," anasema Saida. "Nikadhani ananitania."

Kaka mmoja ndiye aliyetoa wazo la kwenda kwa Ridhiwani Abdulnasir, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi hapo mjini. Hamidu alikuja na simu yake, na wote wakakaa na mwalimu huyo mpaka adhuhuri.

Mwalimu Ridhiwani, kijana wa miaka 29, aliwaeleza jambo ambalo Bi Sihaba hulirudia sasa kwa kila mteja. Kila msimu wa vyuo Bi Sihaba hurekodi kwa sauti yake matangazo mafupi ya duka na kuyatuma kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp. Matangazo hayo yanamtosha mwizi. Programu ya akili mnemba hujifunza sauti ya mtu kwa nusu dakika tu, kisha husema chochote inachoandikiwa.

"Zamani mwizi wa mtandaoni alijulikana kwa Kiswahili chake kibovu," anasema Ridhiwani. "Ujumbe una makosa kila neno, unafuta tu. Leo akili mnemba inamwandikia Kiswahili fasaha kuliko changu. Kwa hiyo usitazame ujumbe umeandikwaje. Jiulize unaombwa nini."

Na nywila ya Hamidu? Mwizi hakuhitaji hata kuiba. Jina na mwaka wa kuzaliwa, alibahatisha akapatia.

Hapo Bi Sihaba aliona aibu kuliko aliyoiona dukani. "Ile sauti haikuwa yangu," anasema. "Ila ile pasiwedi ilikuwa yangu. Hilo sikuweza kulikana."

Lakini kulikuwa na habari njema, na nayo ilitoka kwenye teknolojia ya aina ileile. Mwizi alipoingia, mfumo wa barua pepe wenyewe ulishtuka. Mtu anayefungua kila siku kutoka Mlingotini kwa simu moja, ghafla anaonekana yuko mbali, kwenye kompyuta asiyowahi kuitumia, anabadilisha kila kitu kwa dakika mbili. Ukamfungia mlango. Mwizi alikuwa akidai pesa za nyumba ambayo hata yeye alikuwa ametolewa nje.

"Huko nako wameweka akili mnemba, inalinda," anaeleza Ridhiwani. "Inajifunza mazoea ya mwenye mali, kama mbwa anavyozijua hatua za mwenye nyumba."

Hamidu aliwasilisha maombi ya kurudishiwa akaunti kwa simu yake aliyozoea kuitumia. Jibu likaja kwamba asubiri saa ishirini na nne. Saida hakwenda kwenye mwani siku hiyo, ingawa bahari ilikuwa imekupwa vizuri. Bi Sihaba alifunga duka na kwenda kukaa naye.

"Alikuja na maandazi," anasema Saida. "Nilikuwa bado na hasira kidogo, lakini nikayala."

Alhamisi saa nane mchana, akaunti ilifunguka. Namba ya chuo ilikuwa humo ikisubiri. Hamidu aliiingiza mwenyewe, mama yake akiwa ameziba macho kwa kanga. Sasa yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Zile shilingi 150,000 hazikutumwa, na namba ya yule mwizi waliipeleka polisi.

Jumatatu iliyofuata Bi Sihaba alifungua daftari lake ukurasa wa kwanza na kuanza kupiga simu. Kila mtu alimwambia maneno yaleyale: njoo ubadilishe, bure, na safari hii sitaki kuijua. Ilimchukua wiki saba. Wengine walikuwa wamehama, wachache wameshafariki, na mmoja alimkatia simu akidhani ni akili mnemba.

"Huyo nilimpongeza," anasema akicheka.

Alipomaliza jina la mwisho, alilipeleka daftari nyumbani, akalichana ukurasa kwa ukurasa na kuwashia jiko. Mumewe, Najim, alimuuliza kama anajua anachoma shilingi 6,000 za kila siku. "Nilimwambia najua. Nikamkaribisha chai."

Pengo hilo bado halijazibika lote. Siku hizi waliosahau nywila hawamletei hata shilingi 1,000 kwa siku. Wateja wa fomu ndio walioongezeka, anasema, maana habari ya duka ambalo mwenyewe anageukia ukuta imefika mpaka vijijini.

Masharti yake ni machache. Nywila iwe sentensi ya maneno manne au zaidi, isiwe na jina wala mwaka. Mabibi wa Miono huzitunga kwa Kikwere, lugha yao ya nyumbani, jambo ambalo Mwalimu Ridhiwani analisifu sana. Namba za kuthibitisha hasomewi mtu yeyote, hata Bi Sihaba. Akikupigia na kuomba chochote, kata, kisha mpigie wewe kwa namba unayoijua.

Mwezi ujao ataanza darasa Mlingotini, katika banda la kukaushia mwani, pamoja na Saida. Wanawake kumi na saba wamejiandikisha. Ratiba haina tarehe wala siku za wiki. Wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mbali, wote wako baharini wakivuna, kwa hiyo watasoma maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana.

Mwalimu Ridhiwani amewaahidi kompyuta mbili za zamani. Saida atafundisha sehemu ya sauti za kughushi, kwa kuwa, kama anavyosema mwenyewe, "mimi nimeshalipa ada ya somo hilo."

Bi Sihaba naye ana ndoto yake. Ana dada Pangani ambaye hajamtembelea kwa utulivu kwa miaka mingi, kwa sababu kila akifika simu humfuata: Bi Sihaba, pasiwedi yangu ni ipi?

"Nataka niende nikakae wiki nzima," anasema. "Nile, nilale, nipige soga na dada yangu. Simu isipolia hata mara moja, nitajua nimefundisha."