Diski D Haijapotea
Fundi wa kompyuta wa pale mtaa wa Sonatubes hufuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa kibodi, hata ikiwa mikavu. Leo Mukasine, karani wa kwaya, analia: tangu awekewe Windows upya, nyimbo zote zilizokuwa diski D hazionekani. "Diski iko, mama. Imepewa tu herufi E," fundi anasema kwa sauti ya muuguzi. Anairudisha D kwa dakika moja, kisha anakaa nusu saa akiikunjia skrini uso, maana kazi ya haraka watu hawaiheshimu. Mukasine anaondoka akimbariki. Mimi, jirani wa fundi, mshonaji wa cherehani, ninamuuliza mbona kompyuta yake mwenyewe, inayokwenda kama kobe, haiwekei Windows upya. Anaifunika kitambaa. "Hiyo hapana. Iko na picha za mama yangu."