Mfalme wa Kichwa Chini

Bernadeta ameanika dagaa pale Igombe tangu usichana wake, na si mtu wa kutishika ovyo. Mvua ikiwakuta dagaa mchangani, huyatukana mawingu, akatwaa ufagio, basi. Lakini stempu! Kikaratasi kisichofunika hata ukucha wa dole gumba kilimtoa jasho nyumbani kwake Buswelu, katika nyumba ambayo nusu yake haikuwa na bati.

Stempu ile marehemu baba yake, mzee Mhoja, aliichomeka kwenye kona ya fremu ya picha yake ya ujanani, alipokuwa mpima pamba kwenye kiwanda kimoja huko Magu. Ilikuwa ya enzi za Mwingereza, na mfalme wake amechapwa kichwa chini. Hakuna aliyeijali mpaka Yeremia, mdogo wake Bernadeta, alipoipiga picha akaitupia mtandaoni. Ndipo akajitokeza Alexander, mnunuzi wa stempu kutoka Arusha.

"Mama, hii ni mali," Alexander alimwambia kwa simu. "Ila za namna hii ni chache mno, na nyingine ziliibwa. Nikija nielezwe ilifikaje kwenu. Bila hivyo siinunui."

"Sema mzee aliandikiwa barua," Yeremia akashauri.

"Haina hata muhuri wa posta, we mjinga. Barua gani hiyo?"

Kilichomkosesha raha Bernadeta ni maneno ya baba yake mwenyewe. Mzee alikuwa akiigusa fremu, anacheka: "Huyu nimemteka kwa mtani wangu. Hajaja kumkomboa." Mtani huyo alikuwa Pazi, Mzaramo, karani wa kiwandani. Msukuma na Mzaramo hunyang'anyana vitu mchana kweupe na hakuna anayeitwa mwizi. Mwenye mali huja na kitu, akakomboa chake, wakatukanana na kucheka. Lakini je, kama Pazi hakujua kwamba ametekwa? Kama aliitafuta stempu yake mpaka akazikwa? Hapo utani ungekuwa jina zuri tu la wizi. Na kama ulikuwa utani wa kweli, basi stempu bado ilikuwa na mwenyewe, na pesa ya bati ndiyo hivyo tena. Bernadeta aliligeuza jambo hili kila upande, na kila upande lilimchoma.

Pazi alikuwa amekufa zamani, lakini binti yake, Mwamvita, alikuwa bado Magu, akiuza mchele barabarani. Yeremia alimsihi dada yake anyamaze. Bernadeta alipiga simu hata hivyo, na kwa makusudi hakutaja utani.

"Shikamoo, dada. Ni Bernadeta wa mzee Mhoja. Eti, marehemu baba yako aliwahi kupotelewa na stempu?"

Mwamvita alisikika akimwambia mteja asubiri.

"Mnayo?" akauliza.

"Tunayo."

"Nakuja mwenyewe." Simu ikakatwa.

Siku ya mnunuzi, Bernadeta alipika chai akasahau majani. Alexander alikuwa ameketi, ameishika fremu kwa ncha za vidole, anarudia swali lake. Bernadeta alijifanya kummiminia chai. Alimwona Mwamvita akiingia uani, amekaza uso, na akawaza kwamba hata polisi huenda wako nyuma yake.

Nyuma yake hakuwepo mtu. Kwapani mwake alikuwemo jogoo.

"Wasukuma wezi nyie!" Mwamvita akaguta hata majirani wakachungulia. "Baba amekufa ananiusia, 'Mfalme wangu yuko kwa Mhoja, ukipata jogoo kamkomboe.' Nilikuwa naona aibu kuja kudai karatasi. Haya, toa mfalme!"

Bernadeta alicheka, kisha akagundua kuwa analia. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili.

"Na mzee Pazi aliipata wapi?" Alexander akauliza.

"Hapo usiniulize," Mwamvita akajibu. "Hakuwahi kusema."

Alexander akatazama huku na huku, hajui sasa mwenye mali ni nani. Yeremia, aliyesimama kando, alimkonyeza dada yake, akamkanyaga mguu. Bernadeta aliitoa fremu mikononi mwa mgeni, akaichomoa stempu, akamkabidhi Mwamvita.

"Ongea na huyu," akasema. "Mimi baba yangu hakuiba."