Walipoanza Kumwona Mume Wangu Ulingoni

Mume wangu alikuwa fundi seremala, na alikuwa bondia. Useremala ulitulisha. Ndondi aliifanya kwa sababu aliipenda, na kwa miaka kumi hivi aliipenda karibu peke yake. Mimi nilikuwa na cherehani kwenye veranda ya duka moja mjini Kakamega, na niliyasikia yote waliyosema wapita njia Jumatatu baada ya mapigano. Mshonaji akiinamisha kichwa, watu husahau kwamba ana masikio.

"Yule anachezanga tu," walisema. "Anakimbianga. Ngumi ni kupigana, bwana."

Hakuwa anakimbia. Alifunzwa na koplo mmoja mstaafu, mtu wa Iguhu aliyerudi kutoka vita vya Burma, ambaye alimfanyisha kazi ya miguu kwa miezi mingi kabla ya kumruhusu kuvaa glavu. Somo lake lilikuwa moja: usiguswe. Konde likija, kichwa cha mume wangu kilikuwa kimeshaondoka, si mbali, upana wa kidole tu, na kabla mwenzake hajaurudisha mkono, alikuwa ameshapigwa mara mbili. Raundi tatu zikiisha, majaji walimpa pointi. Alirudi nyumbani uso umetulia, kana kwamba alikuwa ametoka kanisani. Lakini refa alipokuwa akiuinua mkono wake, watu walikuwa wameshageuka kutafuta njugu.

Siwalaumu. Kwetu Shinyalu tumelelewa na mapigano ya fahali. Fahali anayekwepa pembe hapigiwi ngoma ya isukuti. Anayepigiwa ni yule anayefungana pembe na mwenzake mpaka nyasi zikang'oka. Watu waliingia ukumbini na jicho hilo hilo.

Hata kaka yangu, aliyempenda sana, alimwambia siku moja tukiwa mezani, "Shemeji, angusha mtu. Hata mmoja tu, watu wakujue."

Mume wangu akamega busuma, ugali wetu, akatafuna polepole. "Mimi najijua," akasema.

Uhuru ulipokuja alikuwa na miaka thelathini na minne. Ilikuwa miaka ya furaha. Kila sherehe ilikuwa na bendera, kwaya, mbio na ndondi, na kila mji ulitaka shujaa wake. Kakamega iliwachagua wengine. Mume wangu aliwekwa kwenye pambano la kwanza, lile la kungojea watu watafute mahali pa kukaa.

Kisha boriti ikamwangukia alipokuwa akipaua nyumba, ikamuumiza goti. Lilivimba likawa kama kibuyu. Alipopona kiasi cha kutembea bila fimbo, koplo alikuja nyumbani akamwambia mbele yangu, "Kijana wangu, miguu yako ilikuwa ndiyo ndondi yako. Sasa basi."

"Niache nijaribu mara moja," mume wangu akamjibu.

Mpinzani alikuwa kijana mwenye nguvu kutoka Kisumu, mpakuzi wa mizigo. Sikuwa nimewahi kwenda kumtazama mume wangu akipigana. Siku hiyo nilikwenda kwa sababu ya lile goti. Ilikuwa Jumamosi mchana, na ulingo ulikuwa umejengwa kiwanjani. Mbao nyingine alizipiga randa yeye mwenyewe.

Raundi ya kwanza konde lilimpata shavuni. Nilisikia mlio wake kutoka nilipokaa. Alisogea ili asipatwe na la pili, goti likakataa, konde likampata. Raundi ya pili alisukumwa kwenye kamba, mdomo ukapasuka. Na hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu: watu waliokuwa wakizungumza walinyamaza, kisha wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mama mmoja asiyenijua alinishika mkono akasema, "Mungu wangu, mtazame yule mzee, hataki kuanguka."

Raundi ya tatu hakujaribu kuzunguka. Alisimama katikati, akangoja. Kijana alikuja na mkono wa kulia. Mume wangu aliinamisha kichwa kidogo, upana wa kidole, akampiga chini ya mbavu, halafu kidevuni. Yule kijana alikaa chini kama mtu aliyechoka, akabaki hapo mpaka refa akamaliza kuhesabu.

Sijui nieleze vipi kelele za siku hiyo. Walimbeba. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nililia, na si kwa furaha.

Kuanzia Jumatatu watu wale wale walisimama mbele ya cherehani yangu. "Kumbe wewe ndiye bibi ya bondia? Mbona hukusema?" Wenye hoteli walimkaribisha chai. Mabango ya mapambano yaliyofuata yakamweka juu kabisa. Nilikuwa na hasira, na jioni moja, nikimkanda uso kwa maji ya chumvi, nikaitoa.

"Miaka yote hiyo ulikuwa bora kuliko sasa," nikamwambia. "Sasa unapigwa ndipo wanakupenda. Hao ni watu gani?"

Alifikiri kwanza. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza.

"Baba watoto, nakuuliza."

"Zamani nilikuwa naifanya kazi ngumu ionekane rahisi," akasema. "Mtu akikutazama haoni kitu, atashangilia nini? Sasa wananiona napata taabu, halafu naitafutia njia. Taabu wanaijua. Wengi wao wameamka nayo leo." Akanishika mkono wenye kitambaa. "Hawakunichukia, mama. Walikuwa hawajajua mahali pa kutazama."

Nikamwomba aache. Alikuwa ameshaanza kuniuliza maneno mara mbili, kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa likivuma. Akaniahidi pambano moja la mwisho, kisha nyumbani. Koplo alikuwa shahidi.

Akajiandaa miezi mitano. Asubuhi alitembea hadi Sigalagala na kurudi, hakukimbia, alitembea tu, akilifundisha goti upya. Kiwanja siku hiyo kilijaa mpaka watu wakapanda juu ya malori. Wengine walitoka Mumias, wengine walikuwa walowezi wapya wa Lugari waliokuja na watoto wao. Nilikaa mbele.

Kengele ikalia. Konde la kwanza likaja, naye akaliacha lipite. Likaja la pili, likapita. Nikajua goti limekubali. Hakuwa na kasi ya zamani, lakini alikuwa na ile hesabu yake yote. Nikaogopa kwamba watazamaji watachoka, watageuka tena. Halafu nikasikia kicheko. Hawakuwa wanamcheka, walicheka kwa raha, jinsi mtu anavyocheka akiona fundi akiunga mbao mbili na mshono usionekane. Kila konde lilipokosa, kiwanja kizima kilisema "Aaa." Mwanamume nyuma yangu alikuwa akimweleza mkewe, "Tazama miguu. Usitazame mikono, tazama miguu." Niligeuka nikamwona. Alikuwa mmoja wa wale niliowasikia wakisema anakimbianga.

Akashinda kwa pointi, hakuangusha mtu, na watu walisimama wote. Wakati ule nilisamehe miaka kumi.

Akatimiza ahadi. Glavu alimpa koplo awafundishie wengine. Jina alilolipata likamfuata kwenye useremala, na watu wa mbali walitaka milango iliyotengenezwa na bondia. Wenzake waliosifiwa wakiwa na miaka ishirini, wengine wao niliwaona baadaye wakitembea kwa kuyumba, maneno yakiwatoka mazito. Walishangiliwa mapema mno, wakaendelea kupigwa kwa sababu ya zile kelele. Kwa mume wangu sifa zilikuja akiwa mtu mzima, ana kazi, ana watoto, ana mtu wa kumwambia basi. Zamani niliona kwamba zilichelewa. Siku hizi nikiomba, naishukuru hata ile boriti, ingawa kasisi wangu huenda asikubali.

Sikio halikupona kabisa. Alizoea kukaa kushoto kwangu, ili la kulia linielekee. Tuliishi hivyo miaka mingi sana. Aliondoka duniani akiwa mzee, akili timamu, mikono haitetemeki, na asubuhi ya siku hiyo alinitania kwamba nimesahau kutia sukari kwenye chai. Nilikuwa nimesahau kweli.