Maji Yasiyoisha Juu ya Turubai

Mama yangu alipokuja kututembelea Johannesburg kutoka Tanga, hakumaliza hata mwezi kabla ya kuanza kudai tiketi ya kurudi. Alikuwa na sababu. Baridi ilimwingia mifupani, mashine ilifua nguo bila yeye, na wajukuu zake, waliozaliwa huku, walimwita gogo, yaani bibi kwa Kizulu, na kujibu Kiswahili chake kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa natoka kazini na kukuta wote wamelala. Nilitaka sana abaki mpaka Idi, lakini sikuwa na cha kumzuilia.

Nyumba tuliyopanga mtaa wa Observatory ina bwawa la kuogelea, kitu ambacho hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kukiomba. Wakati wa baridi tunalifunika kwa turubai zito. Majira hayo huwa makavu kabisa, ila mwaka ule mvua ilikosea kalenda, ikapiga kutwa nzima. Asubuhi turubai lilikuwa limebonyea katikati kama godoro la gesti, maji yamejaa tele. Mwenye nyumba akapiga simu kusema yaondolewe, turubai lisije likazama.

Jirani yetu Mkongomani, mtu wa msaada, akaja na pampu yake na bomba refu la kuyamwagia barabarani.

"Pompe iko, mama," alimwambia. "Mayi itaisha sasa hivi."

Mama alimtazama kama mtu aliyekuja kuiba. "Unamwaga maji ya mvua?"

Kwetu maji ya mvua hayamwagwi. Hukingwa kwa kila chombo chenye mdomo, kuanzia ndoo na karai hadi sufuria ya pilau, kwa sababu ni laini na hayali sabuni. Jirani akarudi kwake na pampu kavu. Mama akajifunga kanga kiunoni juu ya sweta mbili, akaagiza ndoo zote zitolewe nje, na mashine ya kufulia ikapewa likizo.

Alifua mapazia. Alifua mazulia. Alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Watoto, waliotumwa kupokezana ndoo, wakaanza kusema "chota" na "mimina" na hata "usimwage, bibi atakusema", Kiswahili ambacho mimi nilishindwa kuwafundisha kwa miaka. Neno tiketi halikusikika tena.

Ajabu ni kwamba maji hayakupungua. Mama alichota kila siku, na kila siku yalikuwapo. "Ni baraka," alisema. Yalipoanza kunuka dawa, alisema labda mvua ya huku hutiwa dawa huko huko juu, maana watu hawa kwa usafi hawajambo.

Jumamosi moja niliinama ukingoni nikaona. Turubai lilikuwa na mpasuko katikati, na kila mama alipopunguza maji ya juu, maji ya bwawa, pamoja na klorini yake, yalipanda kupitia pale. Tulikuwa tunafulia bwawa. Lilikuwa limeshashuka chini ya vigae vya ukingoni.

Ningesema, kazi ingeisha na habari za tiketi zingerudi. Nikanyamaza. Kuanzia Jumatatu nikawa natoroka ofisini mapema, nafika mama akiwa ndani anaswali alasiri, natumbukiza mpira wa kumwagilia maua chini ya turubai na kufungulia maji. Kisha naingia ndani na uso wa mtu mwema, nakunywa chai naye mpaka magharibi, maana lazima nisubiri bwawa lijae. Mke wangu alidhani nimefukuzwa kazi.

Siku moja nilifika nikakuta mpira umeshatumbukizwa. Mama alikuwa ameketi barazani na chupa ya chai na vikombe viwili.

"Nimeshalijaza," alisema. "Kaa."

Nilikaa. Nilimuuliza amejua tangu lini. Akanionyesha kanga yake, ile nyekundu aliyotoka nayo Tanga. Sasa ilikuwa ya waridi.

"Mvua haifanyi hivi, mwanangu."

"Sasa mbona uliendelea kuchota?"

"Ulikuwa unarudi mapema."

Nilijisikia aibu na furaha kwa pamoja. Alinimiminia chai. Kisha akaniagiza kesho nimtafutie nazi za kweli, maana hawezi kupika wali wa Idi kwa ile nazi ya kopo.